Pampu Nyuma ya Chumba cha Bibi

Mume wangu alikufa bandarini Mwanza, chini ya robota la pamba. Kamba iliteleza wakati wa kupakia, robota likashuka, na yeye alikuwa amesimama pale pale. Mimi nilikuwa Kirumba, ufukweni, naanika dagaa juu ya mawe. Mwanamume aliyetumwa kunipa habari aliomba kwanza maji ya kunywa. Nikampa. Akanywa yote, akanirudishia kata, ndipo akasema. Nakumbuka kwamba kabla ya kufuatana naye niliwageuza dagaa waliobaki, maana upande wa chini walikuwa bado wabichi.

Sikulia. Sisemi hivyo kwa kujisifu, wala kwa kujuta. Kilio hakikuja tu. Wanawake waliokaa matanga walikuwa wakinitazama machoni, kisha wanatazamana wao kwa wao. Mama mkwe alisema mbele yangu kwamba hajapata kuona mjane mwenye macho makavu namna ile, na kwamba mtoto wake alistahili zaidi ya hapo. Nilimsikia, nikaendelea kukaa. Waliposema nirithiwe na shemeji yangu, nilisema sawa. Walipoahirisha, nilisema sawa. Uji ukiletwa nilikunywa, usipoletwa sikuulizia.

Mwezi wa pili baada ya msiba alikuja mzee mmoja wa kwetu Ukerewe, wa upande wa Nansio. Ujana wake wote aliupitisha katika chumba cha mashine cha meli za ziwani, akitia mafuta injini, na alipochoka akashuka nchi kavu akawa fundi wa mabomba mjini. Makelele ya injini yalikuwa yameua sikio lake la kushoto. Ukitaka kuzungumza naye ilikupasa ukae kulia kwake.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Kuna nyumba ya Mhindi kule juu ya mawe. Wanatafuta mwanamke wa kazi."

"Ya kupika?"

"Ya kutunza pampu."

Nikasema sawa. Hakushangaa, wala hakuniuliza kama najua pampu ni kitu gani. Nadhani alikuwa amekwisha kusikia yanayosemwa juu yangu, na alitaka mtu ambaye hatakataa.

Njiani alinieleza. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa pamba. Mkewe na watoto walikuwa wamekwenda Bara Hindi kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na vita vikawafungia huko. Aliyebaki naye ni mama yake, mjane mzee, mgonjwa wa sukari. Miguu ya mama huyo ilikuwa imekufa ganzi toka vidole mpaka vifundoni, lakini mwili wake wote ulilalamika baridi. Watu wa mjini walicheka waliposikia kwamba mtu anapasha nyumba moto Mwanza. Hawakuwahi kulala katika nyumba ile mwezi wa saba, upepo wa ziwa ukipiga usoni mwa kilima, sakafu na kuta zote za mawe. Jiko la mkaa lisingefaa, kwa kuwa kifua cha mama kilikataa moshi. Basi mwanawe, aliyewahi kusafiri nchi za baridi, akakumbuka nyumba alizolala huko, zilizopashwa kwa maji ya moto yanayopita katika mabomba ukutani. Akaamua kumjengea mama yake chumba kimoja cha namna hiyo.

"Kama boila, lile tangi la kuchemshia maji kwa kuni, ingekaa chini na chumba kikae juu, tusingehitaji pampu," mzee alisema. "Maji ya moto hupanda yenyewe, yakipoa hushuka yenyewe. Lakini pale ni mwamba mtupu. Tulipiga nyundo siku nne, mwamba ukatoa cheche tu. Ikabidi boila ikae usawa mmoja na chumba, na maji yakagoma kwenda."

Pampu ya kwanza aliichagua mwenye nyumba mwenyewe, bila kumshirikisha mzee. Ilikuwa pampu kubwa ya kuvuta maji ya shambani, na aliinunua kwa sababu ilikuwa kubwa. Ilipowashwa, mabomba yalitikisika ukutani, maji yakapita kwa kishindo, na mama akasema afadhali afe kwa baridi kuliko kulala ndani ya treni. Ndipo mzee akaitwa. Alipima urefu wa mabomba kwa kamba, akahesabu kona, akatazama upana wa bomba, kisha akamwambia mwenye nyumba maneno ambayo alinikariria mimi mara nyingi baadaye.

"Bwana, haya maji hayapandi kwenda popote. Yanazunguka. Yanayoshuka upande huu yanasaidia yanayopanda upande ule. Pampu kazi yake ni kuyasindikiza tu kwenye kona. Pampu ni kama kiatu. Kidogo kinabana, lakini hata kikubwa kinachubua."

Wakaagiza pampu ndogo ya umeme kutoka Nairobi. Ilikuja kwa reli mpaka Kisumu, na kutoka Kisumu kwa meli, ndani ya sanduku ambalo mtu mmoja aliweza kulibeba begani. Mzee aliifunga kwenye bomba la kurudia, mahali maji yanapokuwa yamekwisha kutoa joto lake, kwa kuwa maji ya moto sana huila pampu upesi. Bomba hilo lilipita katika chumba kidogo cha kuogea, nyuma ya chumba cha kulala cha mama. Na hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Ili kuifikia pampu ilikuwa lazima mtu apite kando ya kitanda cha mama, na mama hakukubali mwanamume yeyote apite pale, isipokuwa mwanawe, ambaye alikuwa dukani mchana kutwa. Mzee mwenyewe alipokuja kuifunga, mama alihamishiwa sebuleni. Haikuwezekana kumhamisha kila siku.

Hivyo wakanitafuta mimi.

Nilimkuta mama huyo ameketi kitandani, amevaa sari nyeupe, mikono bila bangili. Nilimwamkia kwa shikamoo. Aliitikia marahaba kwa Kiswahili cha watu wa kwetu, na alipoambiwa natoka Ukerewe alisema, "Nansio niliuza chumvi na mume wangu, kabla wewe hujazaliwa." Nikamwita Bibi toka siku hiyo.

Mzee alinifundisha kwa siku tatu, Bibi akiwa sebuleni. Kwanza alinifundisha kugusa. "Weka mgongo wa mkono, usiweke kiganja. Umeme ukiwa umevuja, kiganja kitang'ang'ania. Mgongo wa mkono utaruka wenyewe." Beringi, pale shafti ya pampu inapozungukia, ikiwa na joto la mwili wa mtu mwenye homa, ni salama. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo mpaka uhesabu kumi, zima. Kikombe cha mafuta kisiachwe kikakauka wala kisijazwe mpaka kimwagike. Pale shafti inapoingia ndani ya pampu palifungwa kwa kamba nene iliyolowa mafuta, na hapo maji yalitakiwa yadondoke, tone, kisha tone. Nilidhani ni ubovu. Nilipochukua spana nikaze, alinishika mkono.

"Acha lidondoke. Likikauka kabisa, shafti inaungua. Likitiririka, ndipo unakaza kidogo, robo mzunguko, usizidishe."

Alinionyesha pia koki ndogo iliyokuwa juu kabisa ya mabomba, ya kutolea hewa. Pampu ikianza kugugumia kama mtu anayesukutua, maana yake imemeza hewa, nami nifungue koki mpaka litoke povu, kisha maji matupu, kisha nifunge. Maji ya kuongezea yawe ya mvua, kutoka tangi la paa, siyo ya ziwa, kwa sababu ya ziwa yana tope na huziba chujio.

La mwisho alilisema mara tatu, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.

"Umeme ukikatika, pampu inanyamaza. Ikinyamaza, usikae. Zima swichi, ili umeme ukirudi isiamke yenyewe. Toka nje, umwambie mtia kuni aliyeko kwenye boila avute kuni zote. Maji yaliyosimama kwenye boila yanaendelea kuchemka. Yasubiri yapoe, ndipo uwashe."

"Sawa," nilisema.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

Nilifanya kazi ile vizuri. Naweza kusema hivyo, kwa kuwa mzee alikuwa akija kila wiki kuuliza hali ya pampu mlangoni, nami namjibu, na hakuwahi kunikosoa. Asubuhi nilitia mafuta, nikagusa beringi, nikatazama tone. Baada ya hapo nilikaa juu ya kigoda katika kile chumba cha kuogea, naisikiliza. Ilikuwa na sauti ya chini isiyobadilika, kama mtu anayesaga unga nyumba ya pili. Sikuwa na mawazo. Watu huniuliza ulikuwa ukiwaza nini saa zote hizo. Nilikuwa siwazi kitu. Siku zilikuja, zikapita, nami niliweza kuhesabu matone mpaka mia mbili, kisha nianze tena.

Bibi alipenda kuweka miguu yake juu ya bomba lililopita kando ya kitanda, ingawa hakulihisi. Alisema anapenda kuiona ikiwa pale. Tulizungumza kidogo, maneno mawili matatu kwa siku.

"Maji ni moto?" alikuwa akiniuliza.

"Ni moto, Bibi."

"Mimi sijui. Wewe ndiye unayejua."

Siku moja aliniuliza mume wangu alikufaje. Nikamwambia robota la pamba. Alifikiri, kisha akauliza kama ilikuwa pamba ya mwanawe. Nikamwambia sijui, marobota yote yanafanana. Hakuuliza tena.

Vita viliendelea, na vitu vikaadimika. Kamba ya kuzibia shafti ilipochakaa, hapakuwa na nyingine dukani wala bohari. Mzee alileta nyuzi za pamba alizosokota mwenyewe, amezilowesha katika mafuta ya ng'ombe. Nilizipokea mlangoni, nikazinusa, nikamrudishia.

"Hizi haziingii humu ndani, mzee. Bibi hatakubali ng'ombe ndani ya chumba chake."

"Atajuaje?"

"Mimi nitajua."

Alinitazama kwa muda. Nafikiri ndiyo mara ya kwanza tangu msiba kunisikia nikikataa jambo. Alirudi kesho yake na nyuzi nyingine, amezipika katika nta ya nyuki na mafuta ya mbarika. Nilizikata vipande, nikavizungusha shafti kimoja kimoja, miisho isikutane mahali pamoja, kama alivyonifundisha. Zilidumu kuliko zile za dukani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa alasiri, mwezi wa saba. Upepo ulivuma toka asubuhi, na mtia kuni alikuwa ametia moto mkubwa kule nje. Bibi alikuwa kitandani, blanketi mpaka kifuani, miguu juu ya bomba. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu. Pampu ikanyamaza.

Niliisikia ikinyamaza. Nataka nilieleze hili sawasawa, kwa sababu kwa miaka mingi nimejaribu kulieleza vingine. Sikuwa nimelala. Sikuwa nimeshtuka. Sikusahau maneno ya mzee, yalikuja yote kichwani kwa mpangilio wake: zima swichi, toka nje, mwambie mtia kuni. Swichi ilikuwa ukutani, naifikia kwa mkono bila hata kusimama. Niliitazama. Niliwaza kwamba sasa nitainuka. Sikuinuka. Kulikuwa kimya, na kimya kile hakikuwa kibaya. Tone lilikusanyika kwenye shafti, likaning'inia, halikudondoka. Sijui nilikaa muda gani. Kivuli cha dirisha kilisogea upana wa viganja viwili.

Kisha umeme ukarudi, na pampu ikaamka yenyewe, ikayasukuma maji yote yaliyokuwa yakichemka kwenye boila, yakaingia katika mabomba kwa mkupuo mmoja. Mabomba yalilia. Hapo ndipo nilipoinuka. Nilizima swichi, nikaingia chumbani. Bibi alikuwa macho, amelala kama kawaida, ananitazama.

"Bibi, ondoa miguu."

Hakuiondoa, labda hakuelewa haraka. Nilifunua blanketi, nikaiinua mwenyewe. Ngozi ya kisigino cha kulia ilibaki kwenye bomba. Chini yake palikuwa peupe. Yeye hakutoa sauti. Alitazama mguu wake kama kitu kilicholetwa na mtu mwingine.

"Unauma?" nilimuuliza.

"Hauumi," alisema. "Na wewe?"

Sikujua ananiuliza nini. Nilimwagia maji ya baridi mguu ule kwa muda mrefu, nikaufunga kwa kitambaa safi, nikamtuma mtia kuni dukani kumwita mwenye nyumba. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha baadaye, nilipolikumbuka. Mganga wa mji alikuja, akasafisha kidonda, akasema kwa mgonjwa wa sukari kidonda kama hicho hakiponi upesi. Mwenye nyumba aliniuliza ilikuwaje. Nilimwambia umeme ulikatika, ukarudi. Hilo lilikuwa kweli. Akaingia kwa mama yake, wakazungumza kwa lugha yao.

Mzee alipokuja nilimweleza yote, nimesimama upande wa sikio lake zima.

"Ulikuwa umelala?" aliniuliza.

"Hapana. Nilikuwa macho."

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Nilitegemea anitukane, na ningemwelewa. Aliomba apewe ubao. Mchana kutwa alikaa uani akipasua vijiti na kuvipigilia misumari, akatengeneza kizuizi cha mbao cha kufunika bomba la kando ya kitanda, joto lipite lakini mguu usifike. Aliponikabidhi alisema, "Hili ningelifanya toka mwanzo. Nilimtegemea mtu, na mtu huchoka." Hakusema neno lingine juu ya jambo hilo mpaka alipokufa.

Hawakunifukuza. Niliendelea na kazi, na juu ya ile ya pampu nikaongezewa ya kusafisha kidonda kila asubuhi. Kilichukua miezi. Kilipungua, kikafunguka, kikapungua tena. Bibi alikuwa akinisimulia habari za Nansio wakati nikimfunga: jinsi walivyoishi nyuma ya duka, jinsi mumewe alivyoogopa viboko na hakuthubutu kusogelea maji baada ya jua kuzama. Nami nilimsikiliza. Pampu haikunyamaza tena mikononi mwangu bila mimi kusimama. Ilinyamaza mara tatu, na mara zote tatu nilisimama.

Bibi alikufa wakati wa masika yaliyofuata, kwa kifua. Kisigino kilikuwa kimekwisha kufunga, kimebaki kovu tu. Walimchoma kwa desturi yao, na mwanawe akanyoa nywele. Mimi nilifagia chumba. Boila ilikuwa imezimwa, mabomba yamepoa, na nilipoyagusa kwa mgongo wa mkono, kwa mazoea, yalikuwa na baridi kama jiwe lolote la mle.

Baada ya siku za matanga yao mwenye nyumba aliniita barazani. Alisema pampu itafunguliwa ipelekwe kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, maana wakati huo wa vita pampu haipatikani. Akaniuliza kama nataka kubaki nifanye kazi ya jikoni. Nilimwambia nitakwenda nyumbani. Kisha nikasema lile jingine, bila kupanga kulisema.

"Bwana, siku ile mama alipoungua, niliisikia pampu ikinyamaza. Nilikuwa macho. Sikuinuka."

Alikuwa anakunja karatasi mkononi. Aliendelea kuikunja.

"Najua," alisema. "Mama aliniambia siku ile ile."

"Alikuambiaje?"

"Alisema naye aliisikia ikinyamaza. Alijua maana yake, alikuwa amesikia fundi akikufundisha, mlango ulikuwa wazi. Alisema angeweza kukuita, lakini hakuona sababu ya kukuita. Akaniambia nisikuondoe." Alisimama. "Mimi sikumwelewa. Labda wewe unamwelewa."

Nilimshukuru kwa kazi, nikachukua mzigo wangu, nikashuka kwenye mawe kuelekea mwaloni, zinakoondokea boti za Ukerewe.

Nilivuka siku iliyofuata. Mama yangu alikuwa bado hai, na mihogo yake ilikuwa imezidiwa na magugu kwa sababu mgongo ulimsumbua. Nilianza kupalilia asubuhi ya pili. Habari ya kurithiwa na shemeji ilikuwa imekwisha yenyewe, alikuwa ameoa kwingine, na mama mkwe alinitumia salamu, nikazipokea. Kilio changu kilikuja mwaka wa pili, sijui kwa nini siku hiyo. Nilikuwa nimepeleka mihogo sokoni Nansio, mwanamke mmoja akabishana nami kwa ukubwa wa fungu, na katikati ya mabishano nikashindwa kuendelea kusema. Nililia mpaka soko likavunjika. Yule mwanamke, ambaye sikumjua, alinikusanyia mihogo yangu, akaipanga kwenye kapu, akaketi karibu nami mpaka nilipoweza kutembea.